Msichana Niliyemwita Kadimiamu

Nilimpa alama 6 kati ya 25, na kosa lake lilikuwa kuandika alichokiona. Walioandika wasichokiona niliwapa 20 na zaidi. Hayo yalitokea Juni 2014, na mpaka leo wanaoyajua kwa ukamilifu ni watu wawili tu: mimi na yeye.

Nilikuwa nafundisha kemia na baiolojia katika shule ya kata huko Njombe, ambako asubuhi za Juni nyasi huamka nyeupe kwa sakitu na chaki hushikwa kwa vidole visivyokunjika. Walimu wa sayansi tulikuwa wawili kwa shule nzima. Fundi wa maabara hatukuwa naye. Mtihani wa vitendo ukifika, mimi ndiye niliyetunga maswali, nikachanganya kemikali, nikasimamia chumba na kusahihisha. Kwa maneno mengine, nilikuwa mpishi, mwandazi na mtu wa kusema chakula kimeiva. Kazi moja tu ndiyo niliyoiacha siku ile, nayo ni kuonja.

Swali la kwanza lilikuwa titresheni, la aina ambayo kila aliyepita kidato cha nne analikumbuka. Mmumunyo AA ni asidi ya haidrokloriki yenye mkolezo wa moli 0.1 kwa lita. Mmumunyo BB una gramu 5.3 za X₂CO₃ katika lita moja. Tafuta uzito wa atomu ya X, kisha useme X ni metali gani. X yangu ilikuwa sodiamu.

Hesabu ya kuandaa mmumunyo wenye mkolezo unaojulikana ni fupi kuliko wanafunzi wanavyoiogopa. Unazidisha vitu vitatu: mkolezo unaoutaka, uzito wa moli moja ya kitu chenyewe, na ujazo kwa lita. Mkolezo nilioutaka ni moli 0.05 kwa lita. Uzito wa moli: sodiamu mbili ni 46, kaboni moja 12, oksijeni tatu 48, jumla 106. Sifuri nukta sifuri tano mara 106 ni gramu 5.3 kwa kila lita. Wanafunzi walikuwa 38, na lita tano zingewatosha pamoja na akiba ya kumwagika, kwa hiyo gramu 26.5. Niliimaliza hesabu hiyo kichwani nikitembea kutoka ofisini kwenda maabara, kabla sijafika mlangoni. Mpe mtu yeyote aikague leo, hataona kasoro.

Asidi niliiandaa kwa adabu zote. Chupa ya asidi kali ilisema asilimia 36 kwa uzito, na lita moja yake ina gramu 1,180. Asilimia 36 ya gramu hizo ni karibu 425. Ukigawa kwa 36.5, uzito wa moli moja ya asidi hiyo, unapata moli 11.6 kwa lita. Ili kupata lita tano za 0.1 nilihitaji sentimita za ujazo 43. Nilifungua madirisha yote, nikatanguliza maji, nikatia asidi ndani ya maji kidogo kidogo, nikajaza mpaka alama jicho langu likiwa usawa wa mstari. Nilichokiogopa nilikipima kwa makini. Nilichokizoea nilikipima kwa mazoea.

Chupa ya zamani ya sodiamu kaboneti ilikuwa na unga mweupe laini kama sembe, nayo ilikuwa imeisha Machi. Mpya niliiagiza kwa simu, ikaja na basi ndani ya boksi la vifaa. Nilipoifungua sikukuta unga. Nilikuta vipande vinavyong'aa, kama barafu iliyovunjwa kwa nyundo. Nikajiambia imeganda kwa unyevu wa safarini. Nikachukua kinu kidogo cha maabara na mchi wake, nikaviponda mpaka vikafanana na kile nilichotaka kukiona.

Lebo niliiona. Nilisoma jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, nikaridhika. Chini yake palikuwa na mstari wa herufi ndogo ambao sikuusoma.

Kuna hatua moja ambayo kila mwalimu wa kemia anaijua. Kabla wanafunzi hawajaingia, unafanya titresheni mwenyewe kwa mimumunyo ile ile, na namba unayoipata ndiyo unayosahihishia. Inachukua nusu saa. Jioni ile umeme ulikuwa unakatika kila baada ya dakika chache, na juu ya meza yangu kulikuwa na karatasi za baiolojia za kidato cha pili zinazonisubiri. Hizo ni sababu, sizileti hapa kama udhuru. Moli moja ya kaboneti hukutana na moli mbili za asidi; kwa hiyo sentimita za ujazo 25 za BB ya 0.05 lazima zimalizwe na 25 za AA ya 0.1. Nikaandika kwenye mwongozo wangu wa kusahihishia: 25.0. Namba hiyo haikutoka kwenye bureti. Niliiandika kama mtu anayejaza tarehe.

Asubuhi waliingia makundi mawili, 19 kwa 19. Hazikupita dakika kumi na tano, msichana mmoja wa meza ya dirishani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yangu imegeuka mapema."

"Imegeukia wapi?"

"Kwenye tisa."

"Umefungua bomba kwa pupa. Rudia."

Alirudia. Nilipopita tena sikumuuliza, naye hakusema. Niliona kiashiria kwenye chupa yake kimetoka njano kikawa rangi ya chungwa, bila kuzidisha tone, kama nilivyowafundisha. Niliona pia wenzake wakitupiana macho, na nikadhani ni macho ya kuibiana majibu. Nikawakemea, nikaenda kugawa chumvi za swali la pili.

Nilisahihisha kwa siku mbili. Karatasi 22 kati ya 38 zilikuwa na wastani kati ya 24.8 na 25.2. Nilifurahi sana. Nilimwambia mwenzangu wa fizikia kwamba darasa hili limeiva. Karatasi 5 zilikuwa na namba zisizo na kichwa wala mguu, na 11 zilikuwa na tisa na ushei. Hawa kumi na moja niliwaona wazembe wa aina moja, waliokaa karibu karibu na kuambukizana.

Karatasi ya msichana wa dirishani ilikuwa safi kuliko zote. Mara tatu alipata 9.3, 9.3, 9.3. Akazidisha kwa 0.1, akagawa kwa elfu: moli 0.00093 za asidi. Akagawa kwa mbili: moli 0.000465 za kaboneti katika sentimita za ujazo 25. Akazidisha kwa arobaini: 0.0186 kwa lita. Gramu 5.3 akazigawa kwa 0.0186, akapata 284.9. Akatoa 60 za kaboni na oksijeni, akagawa kwa mbili, akapata 112.5. Kisha akaenda kwenye jedwali la elementi, akapita safu hadi safu akitafuta kitu chenye uzito huo, na kitu pekee alichokikuta karibu kilikuwa na 112.4. Akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo: X ni kadimiamu.

Nilicheka peke yangu usiku. Kadimiamu haiwezi kukaa kwenye fomula ya X₂CO₃, kwa sababu ayoni yake ina chaji mbili. Tena kaboneti yake haiyeyuki katika maji, sembuse kuwekwa kwenye pipeti. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwa ukubwa: SOMA BURETI. Nikampa 6, nyingi zikiwa za kuchora jedwali.

Ningeishia hapo, kosa langu lingekuwa la chupa tu. Lakini siku ya kurudisha karatasi nilisimama mbele ya darasa, nikainua ya kwake, nikasema, "Leo tuna habari njema. Kuna mwenzenu amegundua kadimiamu hapa Njombe, serikali ijulishwe." Darasa likaangua kicheko. Mapumziko ya saa nne hayajafika, alikuwa ameshapata jina jipya. Wiki ileile nilimsikia mama anayepika uji wa shule akimwita, "We Kadimiamu, lete bakuli lako." Nami nikalichukua. Nilimwita hivyo kwenye mahudhurio, mbele ya wote, na nikajiona mwalimu mcheshi.

Tulirudi kutoka likizo Julai. Nikaamua kuwasaidia wale kumi na moja. Niliwaita wote wazunguke meza ya mbele, nikapima BB mpya mbele ya macho yao kutoka chupa ileile, nikajaza bureti kwa asidi mpya, nikasema kwa sauti kila ninachofanya. "Kadimiamu, sogea hapa mbele uone bureti inavyosomwa." Akasogea. Nikaachia asidi kwa mkono wa kushoto, nikazungusha chupa kwa mkono wa kulia, nikiendelea kuhubiri juu ya tone la mwisho. Nilikuwa bado nahubiri mmumunyo ulipogeuka.

Nikafunga bomba. Nikatazama. Nikainama, jicho usawa wa mstari. Nyuma yangu mtu alisema kwa sauti ya chini, "Tisa nukta tatu."

Nilimtazama yule msichana. Yeye hakunitazama. Alitazama sakafu, kama mtu anayemwonea haya mwenzake.

Kilichofuata ndicho ninachokionea aibu kuliko vyote. Nilisema, "Asidi hii imechuja. Imekaa sana." Nikawatawanya darasani.

Asidi ile niliitengeneza asubuhi ileile. Na hata uongo wenyewe ulikuwa kemia mbovu: asidi iliyopungua nguvu huhitajika nyingi zaidi ili kumaliza kaboneti ileile, kwa hiyo bureti ingepita 25, isingesimama kwenye 9. Mwanafunzi yeyote aliyekuwa amenielewa tangu kidato cha tatu aliweza kunikamata papo hapo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilikuwa nimeshawafundisha malipo ya kunyoosha mkono.

Usiku nilirudi maabara na tochi ya simu. Nikaishika chupa, nikasoma mstari wa herufi ndogo: Na₂CO₃·10H₂O. Na mbele yake, 286.14.

Nataka kulieleza hili kwa namna ambayo hata asiyesoma kemia ataliona. Babu yangu alikuwa mkulima wa mahindi. Mlanguzi alipokuja na mizani yake, kabla ya kupima gunia alichukua punje moja akaiuma. Ikivunjika kwa mlio, sawa. Ikiingia jino, alikataa au alishusha bei, kwa sababu hakuwa tayari kulipia maji. Gunia la mahindi mabichi na gunia la mahindi makavu yote huitwa mahindi, na mizani haijui tofauti yake. Jino ndilo linalojua.

Chumvi nyingi, zinapoganda kutoka kwenye maji, hukamata sehemu ya maji hayo na kuyapanga ndani ya fuwele zao kwa hesabu kamili. Haziloani ukizishika. Zinaonekana kavu, zinang'aa. Lakini maji yamo, na yana uzito. Sodiamu kaboneti ya aina ile niliyoletewa hushika molekuli kumi za maji kwa kila molekuli moja yake. Mia moja na sita za kaboneti, mia moja na themanini za maji, jumla 286. Kwa maneno ya babu, katika kila gramu mia nilizopima, gramu 63 zilikuwa maji. Katika zile gramu 5.3 kwa lita, kaboneti yenyewe haikufika hata gramu mbili.

Nilipaswa kuzidisha 0.05 kwa 286, si kwa 106. Gramu 14.3 kwa lita. Kwa lita tano, 71.5. Mimi nilipima 26.5. Mkolezo uliotoka ulikuwa 0.0185, na mmumunyo wa namna hiyo humalizwa na asidi ya sentimita za ujazo 9.27. Nilipofika kwenye namba hiyo nilizima tochi nikakaa gizani kwa muda.

Kisha nikaenda kwenye kabati la karatasi, ambazo nilikuwa nimezikusanya tena. Niliyoitafuta ilikuwa moja tu. Nikapita juu ya wino wangu mwekundu mpaka kwenye mstari wake wa tano: 284.9.

Fikirini. Mtoto aliyepewa bureti yenye bomba linalovuja, asiyejua kilichomo ndani ya mmumunyo, alikuwa amepima uzito wa moli wa kitu ambacho mimi mwenyewe sikujua nimekitia, akakosea kwa gramu moja na kidogo tu katika 286. Namba ambayo lebo ilinieleza na sikuisoma, yeye aliifikia kwa njia ya kemia. Kama ningemwambia tu kwamba ndani kuna molekuli kumi za maji, angetoa 180 zaidi, akagawa kwa mbili, akapata 22.5, na sodiamu ingekuwa pale pale kwenye 23. Kadimiamu haikutoka kichwani mwake. Ilitoka kwenye fomula yangu pungufu, naye alikwenda nayo kwa uaminifu mpaka ilipomfikisha.

Ndipo nikazigeukia zile karatasi 22 zilizonifurahisha. Siku ile hakuna bureti hata moja katika chumba kile iliyoweza kusoma 25. Hakuna. Wanafunzi wale walikuwa wameshafanya maswali ya kutosha kujua kwamba 5.3 ikitajwa pamoja na kaboneti, jibu ni sodiamu. Basi wakapiga hesabu kinyumenyume kutoka 23 mpaka 106, kutoka 106 mpaka 0.05, wakafika 25.0. Kisha wakapamba. Mmoja aliandika 25.0, 25.1, 24.9, na kwa jaribio la kwanza la haraka akaandika 25.6, ili lionekane limezidi kidogo kama inavyokuwa kawaida. Nilimwekea vyema kila mstari, na pembeni nikaandika "Hongera". Waliipika namba. Lakini mimi nilikuwa nimeipika mapema kuliko wao, jioni ile niliyoandika 25.0 bila kugusa bureti. Tofauti yetu ni kwamba yangu iliitwa mwongozo.

Tangu hapo nimeona jinsi mtego huu ulivyojaa makabatini mwetu. Asidi ya oksaliki inayouzwa kwa wingi ina molekuli mbili za maji: moli yake ni 126, na anayeikokotoa kavu anatumia 90. Sodiamu thayosalfeti ya fuwele ni 248, kavu ni 158. Mrututu ule wa bluu, yaani kopa salfeti, ni 249.5, na ukiupasha moto ukawa mweupe unabaki 159.5. Jina kubwa kwenye lebo mara nyingi ni lilelile. Kinachotofautisha ni nukta ndogo katikati ya fomula na kinachoifuata. Hata Ziwa Natron, lililoko kaskazini mwa nchi yetu, limebeba jina la madini ambayo ni kaboneti hii hii pamoja na maji yake kumi. Nilikuwa nimelitaja jina hilo kila mwaka darasani bila kujua kwamba linanionya.

Wala kujua 286 hakumalizi kazi. Fuwele za namna ile, zikiachwa wazi kwenye hewa kavu, huachia maji yake polepole na kugeuka unga. Chupa iliyofunguliwa mara nyingi haina tena molekuli kumi wala haina sifuri, iko katikati, na hakuna lebo itakayokuambia iko wapi. Ndiyo maana anayetaka mkolezo wa kuaminika huchukua kaboneti kavu, huipasha moto kwanza ili kufukuza unyevu, huipoza ikiwa imefunikwa, ndipo huipima. Na sodiamu haidroksaidi ni mbaya zaidi, kwa sababu hunywa unyevu na hewa ya kaboni dioksaidi ukiwa bado unaitazama kwenye mizani. Kwa hiyo hesabu inakupa namba ya kuanzia. Bureti ndiyo inayokuambia ulichotengeneza.

Asubuhi iliyofuata nilimwita yule msichana nje ya ofisi, chini ya mti wa parachichi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Nikampa karatasi yake. Nilikuwa nimefuta 6 kwa mistari miwili nikaandika 25. Nikamweleza yote: vipande vya barafu, mchi, mstari wa herufi ndogo, ile 284.9. Nilimwambia asidi haikuwa imechuja. Alisikiliza akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili. Nilingoja alie, au anikasirikie. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili.

Akasema, "Kwa hiyo yale yalikuwa maji, mwalimu."

"Yalikuwa maji."

Akaitazama tena hesabu yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari, nikaona anaitafuta ile 180. Alipoipata alitikisa kichwa kidogo. Kisha akauliza, kwa heshima ileile aliyonyooshea mkono Juni, "Na wenzangu utawaambia, mwalimu?"

Nikasema, "Nitawaambia."

Sikuwaambia. Wiki ile nilijiambia nisubiri utulivu upatikane. Agosti nikasema mtihani wa moko umekaribia, nisiwavuruge. Septemba nikahofia kwamba nikitamka kuwa namba za wanafunzi 22 zilikuwa za kupikwa, wazazi watakuja shuleni, na mkuu wa shule atauliza nani aliyewapa vyema. Oktoba nikaacha hata kujitafutia sababu. Novemba walifanya mtihani wa taifa wakaondoka, na siku ya mwisho, wakiwa wamepanda lori na masanduku yao, nilisikia sauti ya mvulana ikiita, "Kadimiamu, sogea kidogo tukae!" Akasogea. Alama yake nilikuwa nimeirekebisha kwa kalamu. Jina lake sikulirekebisha, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na uwezo wa kulifuta, kwa dakika tano, kwa kusimama palepale nilipolitoa.

Siku hizi naandika fomula nzima kwenye kila chupa kwa wino mzito, pamoja na nukta na maji yake. Hakuna mtihani unaoanza kabla sijashika bureti mwenyewe. Mwanafunzi akisema "yangu imegeuka mapema", naacha ninachofanya naenda kutazama. Haya ni mazuri, lakini yanawafaa watoto wengine. Waliokuwa kwenye meza ile wananidai bado.

Basi, kidato cha nne cha mwaka 2014, popote mlipo, leteni karatasi zenu tusahihishe upya. Swali la kwanza. Mmumunyo BB haukuwa 0.05, ulikuwa 0.0185, na aliyeuharibu ni mimi. Asidi ya Julai ilikuwa nzima. Namba sahihi ya bureti ni 9.3. Wote kumi na moja mlioandika tisa na ushei, mlisoma vizuri. Ishirini na wawili mlioandika 25, ninyi na mimi tunajua. Na mwenzenu wa meza ya dirishani, ambaye ana jina lake alilopewa na wazazi, alipata 284.9, na hilo ndilo lililokuwa jibu bora kuliko yote katika chumba kile, pamoja na langu. Mkikutana naye, mwiteni kwa jina lake.